Kupakua Bila Kumtaja Mpishi

Kitenzi "kupakua" kina kazi mbili za kale na moja mpya. Mpishi hupakua wali kutoka sufuriani akautia katika sinia. Kuli hupakua shehena kutoka jahazini akaishusha gatini. Na kijana wa leo, ameketi kibarazani Mwananyamala au amesimama ndani ya daladala la Tandika, hupakua wimbo kutoka mtandaoni ukaingia katika simu yake. Aliyekichukua kitenzi hiki cha jikoni na cha bandarini akakipa kazi ya tatu alikuwa na sikio zuri. Hata hivyo, kazi hiyo ya tatu hainiridhishi kama zile mbili. Wali ukipakuliwa, walaji wanamjua aliyekuwa jikoni, na akikosea chumvi watamtaja kwa jina. Shehena ikipakuliwa, ina hati inayosema imetoka kwa nani. Wimbo wetu hupakuliwa mara nyingi bila mpishi wala hati.

Nimelitafakari jambo hili tangu tulipolifungua sanduku la mjomba.

Mjomba alikuwa fundi cherehani Tandika, na alikuwa mpenzi wa nyimbo za filamu za Kihindi kwa kiasi ambacho mkewe alikiita maradhi. Ujana wake ulipita katika foleni za sinema za Dar es Salaam: Avalon, Empire, New Chox, na ile sinema ya magari ya Msasani iliyofunguliwa mwaka 1966, ambako yeye na wenzake waliingia kwa miguu kwa sababu gari hawakuwa nalo. Hakuwa akijua Kihindi. Alijua nyimbo. Aliweza kukuambia kwamba muziki wa Sholay, filamu ya mwaka 1975, ni wa R. D. Burman na maneno ni ya Anand Bakshi. Kwamba Bobby, ya mwaka 1973, ni ya Laxmikant na Pyarelal. Aliyajua hayo kwa kuwa aliyasoma katika majalada. Watu wa filamu za Kihindi walikuwa na ada ambayo sisi hatukuwa nayo sana: juu ya jalada la albamu waliandika mwimbaji, mwenye muziki, na mwenye maneno, kila mmoja kwa jina lake.

Nao hawakuzaliwa na ada hiyo. Mwaka 1949 ilipotoka filamu ya Mahal, santuri ya wimbo wake mashuhuri haikuandikwa jina la Lata Mangeshkar aliyeuimba. Iliandikwa Kamini, yaani jina la mhusika wa filamu, kana kwamba kivuli cha kwenye pazia ndicho kilichotoa sauti. Na upande wa maneno, mshairi Sahir Ludhianvi anakumbukwa kwa kuishikilia redio ya taifa ya India mpaka ikakubali kumtaja mtunzi wa shairi pamoja na mwimbaji. Mjomba alikipenda kisa hicho kuliko filamu yenyewe. Alikuwa na sababu zake, maana naye alikuwa mshairi.

Wasomaji wa ukurasa huu wanaujua utaratibu, lakini nitausimulia kwa faida ya vijana. Mtu wa taarabu alisikia wimbo wa filamu, akaupenda. Akaupiga kwa mdomo bila maneno, akahesabu mizani ya kila kipande cha lahani, kisha akatafuta mtu wa kuuvika Kiswahili. Huko Mombasa kazi hii ilifikia kilele kwa Mohamed Khamis Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014: lahani nyingi zilitoka katika sinema za Kihindi, na mashairi mengi yalitoka kwa binamu yake, Ahmad Nassir Juma Bhalo, yule yule wa Malenga wa Mvita, diwani ya mwaka 1971. Hebu fikiria safari ya wimbo mmoja kama huo: mwanamuziki wa Bombay, mshairi wa Mvita, mwimbaji wa Mvita, kisha duka la Mbwana Radio Service la Mombasa lililozisambaza kaseti zake pwani nzima. Leo ukiupakua, faili lake litakupa jina moja, nalo ni la mwimbaji. Mara nyingine hata hilo halipo, umeandikwa "wimbo wa 3".

Mjomba alifanya kazi hiyo kwa kipimo cha Temeke. Vikundi vya taarabu vilimletea lahani, yeye akiwa nyuma ya cherehani, na alitunga huku akishona. Nimeona madaftari yake. Ukurasa mmoja una vipimo vya suruali ya mteja, ukurasa wa pili una tathlitha ya mizani 12 iliyokatwa kwa uangalifu ule ule. Malipo yalikuwa nauli, soda, na mara moja jozi ya viatu. Hakulalamika. Alichodai ni jambo moja tu: kaseti ikitoka, jina lake liwemo.

Alipofariki aliacha kaseti 143 na santuri 11, lakini hakuacha chombo cha kupigia santuri. Sanduku lilikaa katika chumba cha uani kwa miaka mingi, na hakuna aliyeliulizia mpaka mkaza mjomba alipokihitaji chumba. Alitaka kukipangisha, na mpangaji alikuwa amekwisha kupatikana. Binamu yangu, mwanawe, anayeishi Mwananyamala na kufanya kazi za kompyuta, akaja na rai yake. "Kaka," akaniambia, "tuziingize zote kwenye kompyuta, mafaili tugawane, na haya maplastiki tuyatupe. Kadi moja ndogo inameza sanduku zima."

Hesabu yake ilikuwa sahihi. Kaseti ya dakika 60 ina utepe wa mita 86 hivi, unaopita kwenye kichwa cha redio kwa sentimita 4.76 kila sekunde. Faili la kawaida la muziki hutumia takriban MB 1 kwa dakika, kwa hiyo kadi ya GB 8, ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba, hubeba zaidi ya kaseti 130 za namna hiyo. Nyumba za Tandika hazina nafasi ya kuhifadhi mapenzi ya marehemu. Tena unyevu wa masika ulikuwa umekwisha kuanza kazi: kaseti kadhaa zilikuwa na ukungu mweupe kando ya utepe, na santuri mbili zilikuwa zimepinda kama sahani ya bati iliyokaa juani.

Wapenzi wa muziki wakijadili mambo haya, nusu ya mjadala huwa juu ya ubora wa sauti. Mmoja atakuambia santuri ina joto, mwingine atakuambia faili ni safi. Sina mengi ya kusema hapo. Sehemu kubwa ya muziki huu tuliusikia kwa mara ya kwanza kupitia spika iliyopasuka ya daladala au tarumbeta la harusini, na hakuna aliyelalamika. Wengi wetu tulikuwa tukinasa nyimbo kutoka Radio Tanzania kwa kubonyeza vitufe viwili kwa pamoja na kuwaomba watoto wa jirani wanyamaze. Mwenye kudai kwamba enzi ya kaseti ilikuwa enzi ya ubora wa sauti hakuishi Temeke.

Linalonihusu zaidi ni urefu, kwa kuwa urefu ndio unaogusa beti. Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake waliposafiri kwenda Bombay kurekodi, waliingia studio wakiwa na nyimbo za usiku kucha na wakakutana na santuri ya mizunguko 78 kwa dakika, ambayo kila upande ulibeba dakika tatu hivi. Imba ubeti wa mishororo mitatu kwa mwendo wa taarabu, pamoja na kibwagizo na vinanda, utaona kwamba dakika tatu zinatosha beti mbili, labda tatu ukienda mbio. Chombo ndicho kilichoamua shairi likome wapi. Kisha ikaja kaseti na nusu saa yake kwa kila upande, nyimbo zikanyooka miguu. Taarabu ya kisasa ya Dar es Salaam, ile ya ushindani wa TOT na Muungano katika miaka ya 1990 na ile ya Jahazi baadaye pale Travertine, Magomeni, ilizoea nyimbo za dakika 10 na zaidi, sita kwa albamu, tatu kila upande. Mshairi alipata nafasi ya kusema, kujibu, kutukana kwa adabu na kufunga. Na sasa mtandao, ambao kwa hakika hauna mwisho wa utepe, umeturudisha kwenye dakika tatu za Bombay kwa sababu vidole vya msikilizaji havina subira. Nakiri kwamba jambo hilo hunichekesha kidogo.

Nirudi kwenye sanduku. Kaseti niliyoitafuta kwanza ilikuwa ya kikundi kimoja cha taarabu, sitakitaja, kilichoimba shairi la mjomba lililovuma kuliko yote aliyotunga. Nilijua ipo. Ndani yake kulikuwa na karatasi iliyokunjwa mara tatu, imepigwa chapa ya rangi ya samawati inayopauka, na orodha ya nyimbo sita. Mbele ya wimbo wa nne, kwa herufi ndogo kuliko zote, imeandikwa "Shairi:", kisha jina lake kamili. Hapo ndipo pekee duniani, nje ya kitambulisho chake na kaburi lake, jina hilo limepigwa chapa.

Binamu akautafuta wimbo mtandaoni, akaupata mahali patatu. Mahali pawili umeandikwa jina la mwimbaji tu. Mahali pa tatu ameandikwa mtunzi, naye ni kiongozi wa kikundi, aliyepiga kinanda. Mimi simlaumu aliyeupandisha. Huenda ni kijana aliyezaliwa baada ya kaseti kufa. Lakini binti wa binamu, mwenye miaka tisa, alikuwa akiuimba wimbo huo wote kwa ghibu, pamoja na kibwagizo, tangu harusi ya jirani yao. Hakuwa ameambiwa kwamba maneno anayoyaimba yalitungwa na babu yake. Binamu alitazama karatasi kwa muda, akatazama simu. Hakuzungumzia tena kutupa maplastiki siku ile.

Lakini sitaki kuipamba kaseti kwa sifa isiyo yake. Tulizihesabu. Kati ya 143, ni 19 tu zilizoandikwa jina la mtunzi wa shairi hata kwa wimbo mmoja, ukiondoa zile za filamu za Kihindi. Nyingi zilikuwa nakala za mitaani, jalada lake picha iliyotolewa kivuli mara nyingi hadi uso wa mwimbaji umekuwa doa jeusi, na palipokuwa na majina pamekatwa ili karatasi itoshe. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya mwaka 1999, inamtambua mtunzi wa maneno na haki yake ya kutajwa. Mkasi wa mnakili haukuisoma. Kwa hiyo mwenye kusema kwamba kitu cha kushikika hutunza jina na faili hulipoteza, amesema nusu ya habari.

Wazee wetu walilijua hili kabla ya umeme. Kwa nini malenga wa Kiswahili alijitaja katika ubeti wa mwisho? Twafundishwa kwamba ni ada, ni kaditamati, ni namna ya kuaga. Mimi naona ni akili ya mtu asiyemwamini mbebaji. Karatasi huliwa na mchwa, na nahodha husahau. Basi jina litiwe ndani ya mizani yenyewe, likae kwenye kina, ili atakayelitoa alibomoe shairi. Muyaka bin Haji alifariki karibu mwaka 1840, na diwani yake ilichapwa na William Hichens mwaka 1940. Katikati ya tarehe hizo tungo zake zilibebwa kwanza na vichwa vya watu wa Mombasa, mpaka Mwalimu Sikujua bin Abdallah alipozikusanya na W. E. Taylor akazihifadhi. Miaka mia haikulifuta jina lake, na wala hapakuwa na jalada.

Mjomba naye alijitaja. Katika daftari lake shairi lile lina beti saba, na la saba lina jina lake, limefichwa kwa ustadi kati ya vipande viwili vya mshororo wa pili. Kikundi kiliimba beti tano kati ya saba, lakini ya mwisho hawakuiacha, na kwa hilo nawashukuru. Ila zile nakala tatu za mtandaoni, zote zinatokana na kinasa kimoja cha redioni, na zote zinafifia katikati ya ubeti wa nne, pale mtangazaji alipoingia na matangazo ya vifo. Jina limepotea mara mbili: karatasi haikupandishwa, na ubeti uliolibeba haukufika.

Binamu ndiye aliyegundua jambo ambalo limebadili kazi yetu. Alinionyesha kwamba faili la muziki lina vyumba vidogo vya maandishi visivyosikika. Utaratibu wa kwanza wa vyumba hivyo, uliobuniwa mwaka 1996, ulikuwa bakhili: herufi 30 za jina la wimbo, 30 za msanii, 30 za albamu, na maelezo kidogo. Mtunzi hakuwekewa hata kiti. Lakini utaratibu uliofuata una chumba cha mtunzi wa muziki, na kando yake chumba cha pekee cha mtunzi wa maneno. Kipo katika mafaili mengi yaliyomo katika simu zenu. Tulifungua mafaili 200 ya taarabu yaliyokuwa kwenye kompyuta yake, tukachungulia chumba hicho. Vyote vilikuwa vitupu.

Basi tukakubaliana hivi. Chumba cha mkaza mjomba kitolewe kwa mpangaji, sanduku lije kwangu, na kila Jumamosi binamu aje na kompyuta. Dalali mmoja alikuwa amekuja kuziulizia santuri kwa niaba ya mnunuzi wa nje, na bei aliyoitaja ilikuwa sawa na kodi ya chumba kwa miezi miwili. Mkaza mjomba alimkaribisha chai, akamsikiliza, kisha akamuuliza kama huyo mnunuzi anajua Kiswahili. Dalali akasema hajui. "Basi mwambie asubiri ajifunze," akasema, na mazungumzo yakaishia hapo.

Kazi yenyewe haina njia ya mkato. Kaseti ya saa moja huchukua saa moja kuingia kwenye kompyuta. Mashine haiwezi kuuharakisha utepe bila kumgeuza Khadija Kopa kuwa ndege. Zenye ukungu tunazifuta kwa kitambaa kikavu, taratibu, huku tukizizungusha kwa kalamu kama tulivyofanya utotoni. Zilizokatika tunaziunga. Zenye maganda yaliyopasuka tunazihamishia katika maganda ya kaseti za mahubiri zilizonunuliwa kwa bei ya karanga pale Tandika sokoni, Mungu atusamehe. Halafu kila wimbo tunausikiliza mpaka mwisho, nisisitize hapo, mpaka mwisho, kwa sababu jina liko mwisho.

Katika kaseti ya 27 kuna kitu ambacho si wimbo. Mjomba alikuwa akinasa redioni, na kati ya nyimbo mbili anasikika akikohoa, akihesabu mizani kwa sauti ya chini, moja, mbili, tatu, kisha mkewe anaita kutoka uani kwamba chakula kimepakuliwa. Programu ya binamu ilikiwekea kipande hicho alama ya kelele na kupendekeza kikatwe. Akanitazama. Nikamwambia akiache, naye akakipa faili lake, na katika chumba cha mtunzi wa maneno akaandika jina la mama yake. Tulipompigia mkaza mjomba kipande kile alicheka sana, kisha akaenda uani na hakurudi kwa muda.

Mpaka ninapoandika haya, tumekamilisha kaseti zote zinazopigika, na zile za filamu za Kihindi hazikutusumbua. Kwa nyingine, karatasi zimetupa watunzi wa kaseti 19. Beti za mwisho, matangazo ya watangazaji wa zamani waliokuwa na adabu ya kumtaja mtunzi, na kumbukumbu ya mkaza mjomba vimetupa 31 zaidi. Wimbo wa mjomba umepandishwa mtandaoni kamili, beti tano, na daftari lake tumelipiga picha kwa ajili ya zile mbili zisizoimbwa. Nakala zile tatu za zamani zinaendelea kusikilizwa kuliko yetu.

Nina moja ya kuwauliza wasomaji. Kaseti ya 61, upande wa pili, wimbo wa pili. Sauti ni ya mwanamke, lahani inatoka katika filamu ambayo mjomba angeitambua kwa nota mbili na mimi siitambui. Ni tathlitha ya mizani 12, beti sita, kina cha mwisho ni "-ni" tangu mwanzo hadi mwisho, na linamsema mtu aliyepewa amana ya ufunguo akafungua asichotumwa. Katika ubeti wa sita mtunzi anajitaja, lakini hapo utepe umekunjamana, na tumerudia mara nyingi bila kupata zaidi ya silabi mbili za kwanza: "Mwana". Silabi tatu zinazofuata zimezama. Kama yupo mtu Mwananyamala, Mtoni, Unguja au Mvita ambaye mama yake aliuimba wimbo huu jikoni, tafadhali aniandikie hizo tatu.